Uzito Kwanza, Stepu Baadaye

Kariakoo ukishamaliza kubishana kuhusu Simba na Yanga, mada inayofuata ni muziki. Nani zaidi, bendi ya Msondo au ya Sikinde. Nani alikuwa na sauti, Gurumo au Bitchuka. Bendi ipi iliyumba baada ya nani kuhama. Hapo sina ugomvi na mtu, mapenzi hayana hakimu. Ugomvi wangu unaanza pale kijiwe cha kahawa kinapowaacha waimbaji na kuwageukia wachezaji. Huko watu husema mambo kwa uhakika wa ajabu, na ukiyapeleka ukumbini kama yalivyo utamkanyaga mwenzio mpaka bendi ifunge vyombo.

Nitayajibu, mengine kwa kirefu na mengine kwa kupita. Ushahidi nitauchukua kwenye rumba ya hapa mjini na kwenye tango ya Buenos Aires. Msishangae tango kuingia humu. Ilishafika kwenye kumbi za Afrika Mashariki enzi za ukoloni, ikichezwa pamoja na walzi na foksitroti, kabla rumba haijazifunika zote. Isitoshe, wachezaji wa tango wamekaa na kuchambua mwendo wenyewe, yaani mwili unatokaje hapa ukafika pale, kwa uvumilivu ambao sisi tumeutumia zaidi kuchambua tungo na waimbaji.

Dai lenye wafuasi wengi ni kwamba dansi ni stepu. Kijana anakwambia anazo stepu kumi za rumba, na akiongeza nyingine kumi hakuna wa kumgusa. Mwambie basi asimame, miguu pamoja, halafu muulize: uko kwenye mguu gani? Wengi hujibu kwamba wako kwenye yote miwili. Hapo ndipo tatizo lilipo. Aliyesimama kwenye miguu yote miwili hawezi kwenda popote mpaka kwanza auache mmoja, na mwenzake hawezi kujua ataacha upi. Dansi ya wawili inaanzia hapo, kwenye uzito unaotoka mguu huu kwenda mguu ule. Stepu ni alama tu inayobaki sakafuni baada ya uzito kupita.

Anayetaka kuliona jambo hili asiende ukumbini, aende Mtaa wa Kongo asubuhi ya siku ya kazi amtazame kuli aliyebeba belo la mitumba. Magoti yake hayajanyooka kabisa. Miguu hainyanyuki juu, inapita karibu na ardhi. Anatanguliza mguu mmoja ukiwa mtupu, anaugusisha chini, anauhakikisha, halafu ndipo belo zima na mwili wake vinahamia juu yake. Mguu wa nyuma unakuwa huru baada ya hapo, si kabla. Mbele yake kuna mama na mabeseni, pembeni guta limekwama, nyuma mtu anapiga kelele apishwe. Kuli hasimami kufikiri. Anageuza kifua kidogo, nyonga zinafuata, anapita kwenye upenyo ambao mimi na wewe mikono mitupu tungegongana. Hajawahi kuhesabu moja, mbili, tatu. Anachojua ni mahali uzito ulipo na mahali unapoweza kwenda.

Walimu wa tango huko Buenos Aires humfanya mwanafunzi atembee tu, aende na kurudi, kwa muda mrefu kuliko anavyopenda, na wazee wa kumbi za huko humpima mtu kwa kutembea kwake kabla hawajatazama madoido. Tango inayochezwa na watu wa kawaida ukumbini haina mpangilio wa kukariri. Kila uzito unapotua kuna njia chache za kuendelea: mbele, nyuma, pembeni, kugeuka papo hapo, au kutulia. Mapambo yote unayoyaona yametokana na kuzichanganya njia hizo chache. Rumba nayo hivyohivyo. Anayejua yuko kwenye mguu gani, na mwenzake yuko kwenye upi, ana dansi nzima mkononi. Mwenye stepu ishirini na asiyelijua hilo ana stepu ishirini za kumkanyagia mtu.

Imani hii ya stepu ina historia, na historia yenyewe haikuanzia kwetu. Tango iliingia Paris na London kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikapendwa hadi wachungaji wakalalamika. Miaka ya 1920 walimu wa dansi wa Uingereza, wakiwa na chama chao kilichoanzisha tawi la dansi za ukumbini mwaka 1924, waliipanga upya: kila umbo likapewa jina, hesabu na mwelekeo wa mguu, ili mitihani ipate kusahihishwa na mashindano yapate majaji. Sura hiyo ndiyo iliyosambaa kwenye makoloni. Vilabu vya dansi vilivyochipuka Mombasa, Dar es Salaam na miji mingine miaka ya 1930 viliurithi mtazamo huo, na kwa heshima zote, vilizaa watu waliojua kuvaa, kusimama wima na kumwomba mtu dansi bila kumvuta mkono. Ila viliacha pia wazo kwamba dansi ni karatasi ya mtihani. Siku hizi karatasi imekuwa video ya simu, na video ina kasoro ileile: inakuonyesha miguu ilipokanyaga, haikuonyeshi uzito ulihama lini.

Kijiwe kikishindwa hapo hukimbilia kiunoni. "Rumba ni kiuno, mengine mbwembwe." Hili nusu yake ni kweli, kwa hiyo linahitaji mkono wa taratibu.

Simama, kunja goti la kushoto, hamishia uzito mguu wa kulia ulionyooka. Nyonga ya kulia imetoka yenyewe, hukuiamuru. Kiuno cha rumba ndicho hicho: matokeo ya goti moja kukunjwa na jingine kunyooka wakati uzito unatua. Mchezaji mzuri hakatiki kabla ya uzito kufika, na ndiyo maana ukimtazama huoni juhudi. Anayeanza na kiuno hutikisika sana na haendi popote. Mwenzake akijaribu kumfuata hapati habari yoyote, kwa sababu kiuno kinasema kulia na uzito ungali kushoto.

Nusu iliyo kweli ni hii. Pwani yetu ina ujuzi mwingine kabisa wa kiuno, ule wa unyago na chakacha, ambapo nyonga inazungushwa huku kifua kimetulia na miguu haijahama. Ujuzi huo una walimu, makungwi, na unafundishwa kwa makini. Kwenye dansi unapata nafasi yake wakati wa chemko, bendi inapomaliza mashairi na magitaa yakaanza kukimbizana. Hapo wawili huachiana na kila mtu anatoa alichofunzwa. Lakini chemko ni nusu ya pili ya wimbo. Anayeleta mauno ya chemko wakati mwimbaji bado anasimulia ubeti wa kwanza amewahi mno.

Na tango, ambayo watu wetu huiita kavu kwa sababu kiuno hakionekani? Mtazame mwanamke anayecheza umbo wanaloliita ocho, yaani nane, kwa jinsi miguu inavyochora sakafuni. Amesimama kwenye mguu mmoja. Kifua kinageuka kwanza kumwelekea mwenzake, nyonga zimebaki nyuma. Panatokea msokoto kati ya kifua na nyonga, na msokoto huo unapofunguka ndio unaozigeuza nyonga na mguu huru. Ni utenganisho uleule wa kifua na nyonga ambao kungwi angeutambua mara moja. Tofauti ni kwamba huku umefichwa ndani ya sketi na kule umefungiwa kanga ili uonekane.

Sasa lile linalonichosha: mwanamume ni dereva, mwanamke ni abiria.

Chukua jozi yoyote inayocheza vizuri uitazame kwa utulivu, wimbo mmoja tu. Mwanamume anaanza kwa kukigeuza au kukisogeza kifua, kidogo sana, pengine hata mtu aliyekaa meza ya jirani asione. Ule ni mwaliko. Mwanamke anausikia mgongoni, pale kiganja kilipo, na kwenye mkono wake mwingine. Anahamisha uzito wake kwa wakati wake. Mwanamume anangoja. Uzito wa mwenzake ukishatua ndipo yeye anapokamilisha hatua yake mwenyewe. Kwa hiyo nani amemfuata nani? Alipendekeza mmoja, akaamua mwingine, na aliyependekeza akaheshimu uamuzi. Asipongoja, anafika kabla ya mwenzake, na pengo lililobaki inabidi lizibwe kwa mikono. Huko ndiko kuburuzana.

Kuna alama moja ya kuburuzana ambayo haidanganyi. Tazama bega la mwanamke upande wa mkono ulioshikwa. Likipanda kuelekea sikioni, anavutwa. Likiwa limetulia mahali pake, anacheza. Nimeshaona wanaume waliosifiwa ukumbini kwa mbwembwe zao huku bega la mwenzao limepanda wimbo mzima, na sijawahi kumwona mwanamke huyo akirudi kwao kwa wimbo wa pili kwa hiari.

Tango ina somo zuri hapa. Vijana wa kiume wa Buenos Aires walikuwa na desturi ya kufanya mazoezi wenyewe kwa wenyewe kabla ya kuruhusiwa kumkaribia mwanamke ukumbini, na wengi walianza kwa kuwa upande wa kuongozwa. Mtu aliyevutwa na mwenzake mwenye pupa kwa miezi kadhaa hasahau ladha yake. Hapa kwetu zoezi kama hilo lingeleta maneno kwa wanaume, lakini kina mama hulifanya bila kutangaza. Wawili wanaocheza pamoja huku wakisubiri waume zao wamalize bia mara nyingi ndio jozi iliyopangika kuliko zote sakafuni, na hakuna anayewauliza dereva ni nani.

Lipo dai linalokuja likiwa limevaa nguo za sifa: Mwafrika hafundishwi kucheza, mdundo uko damuni. Wanalisema watalii, na tumelidaka tukalifanya letu. Mimi naliona kama tusi. Linafuta kazi ya watu. Wanenguaji wa bendi hawakuzaliwa wanajua, walitoka jasho mazoezini mchana watu wengine wakiwa kwenye shughuli zao. Michael Enoch, yule waliyemwita King, alianza kama mpiga gitaa wa Dar es Salaam Jazz, kisha akajulikana kwa saksafoni na kupanga muziki Mlimani Park. Ala nzima mpya haiingii kwa njia ya damu. Mtoto wa Kariakoo anayecheza vizuri amebebwa mgongoni kwenye ngoma kabla hajajua kusema, amekaa chini ya meza za harusi, ameiga dada zake uani. Hayo ni masomo, hata kama hayakuwa na ada.

Wanaodai damu, nikiwatazama, wana kosa moja wanaloshirikiana: wanacheza na mwimbaji. Mwimbaji mzuri wa dansi hutembea nyuma ya mdundo, anavuta neno, anachelewesha, anawahi. Ukimfuata yeye miguu haitatulia. Kanyaga kwa besi na tumba. Mwimbaji mwachie mabega na uso. Magitaa yana kazi zao, ridhim inashikilia kati na solo inajibu sauti, lakini sakafu ya wimbo iko kwenye besi. Tango haina hata ngoma moja. Orkesta yake ya kawaida ni bandoneoni, violini, piano na besi kubwa ya kusimama, na bado ukumbi mzima unakanyaga pamoja, kwa sababu piano na besi zimebeba kazi ambayo kwetu inafanywa na tumba. Mtu anayetegemea damu akipelekwa pale angesubiri ngoma mpaka wimbo uishe.

Ikiwa ni lazima tuitafute Afrika ndani ya tango, tuitafute penye ushahidi. Mwanzoni mwa karne ya 19 karibu theluthi moja ya wakazi wa Buenos Aires walikuwa watu wenye asili ya Afrika, na ngoma zao zilizoitwa candombe, huko na ng'ambo ya mto Montevideo, ni sehemu ya ukoo wa tango. Mmoja wa watunzi wake wa mwanzo waliojulikana, Rosendo Mendizábal, mpiga piano mwenye asili hiyo, aliutunga El entrerriano mwaka 1897. Huo ni urithi uliopita kwenye mikusanyiko, vikundi na piano za majumba ya dansi, mkono kwa mkono.

Kuhusu wanaosema dansi ya polepole ni ya wazee wasioweza ya haraka, jibu langu ni fupi: jaribu. Ukienda haraka, kasi inakubeba na kosa linapita kabla halijaonekana. Ukienda polepole kuna kipindi kirefu ambacho uko juu ya mguu mmoja na huna pa kujificha. Wazee huchagua rumba ya taratibu kwa sababu wanaiweza.

Linalobaki lina uzito zaidi, kwa kuwa wanaolisema ni watu ninaowaheshimu: kushikana ni mila ya Kizungu, dansi ya wawili si yetu. Kwanza nitenganishe. Mtu akisema dini yake haimruhusu kumshika asiye maharimu wake, huyo hana deni la kunieleza zaidi, na sina jibu la kumpa. Ninayemjibu ni yule anayeleta hoja ya historia, maana historia haimsaidii.

Mji huu umekuwa ukichukua vya wageni na kuvigeuza tangu zamani. Ngoma ya beni, yenye vikundi vya Marini na Arinoti, iliiga paredi na vyeo vya majeshi ya Wazungu, na walioicheza wakaifanya uwanja wa fahari na mashindano ya kwao wenyewe. Baada ya hapo ikaja dansi. Santuri za mfululizo wa GV, zilizoanza kutolewa mwaka 1933, zilisambaza muziki wa Cuba barani, nao muziki ule ulikuwa na Afrika ndani yake tayari. Morogoro, Salim Abdullah akaiita bendi yake Cuban Marimba na hakuna aliyemwona Mcuba. Kisha angalia kilichotokea hapa Dar. Bendi iliyoanzishwa na chama cha wafanyakazi NUTA mwaka 1964 ilikuja kujulikana kwa mtindo wa Msondo. Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978 na baadaye ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam (DDC), ikajiita Sikinde, ngoma ya ukae. Msondo na Sikinde ni majina ya ngoma za Wazaramo. Vijana waliokwenda kuwatazama DDC Kariakoo walikuwa wanakwenda kwenye ukumbi wa kiti na meza, gitaa la umeme na tarumbeta, chini ya jina la ngoma ya bibi zao.

Na si jina tu, umbo lenyewe limechanganyika. Nusu ya kwanza ya wimbo watu wameshikana. Nusu ya pili wameachiana na wanacheza kama wako uwanjani kwenye ngoma, kila mtu na nafasi yake, pengine mstari mzima wakienda pamoja. Wanaoingia DDC wakitafuta dansi ya Kizungu huipoteza wimbo ukifika katikati. Hata kushikana kwenyewe kumepata adabu ya hapa. Kati ya vifua huachwa upana wa kiganja, macho huenda pembeni, na mwenye mke huombwa ruhusa kwanza. Buenos Aires nako malalamiko yalikuwepo, ila kwa upande wa pili: wenye nacho waliikataa tango kwa kuwa ilikuwa ya wahamiaji, ya watu weusi na ya vichochoro, wakaikumbatia ilipokuwa imesharudi kutoka Paris na suti. Mwaka 2009 Argentina na Uruguay ziliiandikisha UNESCO kwa pamoja. Rumba ya Kongo ikafuata mwaka 2021, ikiandikishwa na Kinshasa na Brazzaville. Na zote mbili ni za kushikana.

Nimebakiwa na kadai kadogo, nako hukasikia kwa vijana hasa: viatu havina maana, mchezaji ni mchezaji hata na raba. Hapana. Kugeuka, kwenye rumba na kwenye tango, kunafanyika juu ya mguu mmoja, uzito ukiwa sehemu ya mbele ya wayo na kisigino kimenyanyuka kidogo tu. Wayo lazima uteleze sakafuni. Raba mpya kwenye sakafu ya saruji hushika. Nyonga zinageuka, wayo umegoma, na kinachosokotwa katikati ni goti. Maumivu yake utayasikia kesho yake ukishuka kwenye daladala. Soli ya ngozi inatosha, hata kiatu cha zamani cha ofisini, mradi isiwe laini mno ukaanguka. Kama una raba tu na bendi imeshaanza, usigeuke hata kidogo: tembea, mguu kwa mguu, kwa besi, na mapambo mwachie mwenye viatu.